Msimamizi wa Mkoba

"Mkoba feki mimi naunusa ungali ndani ya basi," Bi Obdulia Tejeda alikuwa akisema. "Nifumbeni macho, nifungeni na mikono, nipitishieni ngozi puani tu, nitawaambia ng'ombe wake alilelewa wapi na nani alimkamua."

Alikuwa bado hajafunga mdomo pale jirani alipogonga dirisha kumwambia kwamba maharagwe yake yanaungua na moshi umeshafika ghorofa ya juu. Bi Obdulia akainuka, akaenda kuzima jiko, akarudi akipunga kitambaa.

"Pua hii ni ya ngozi tu," akasema. "Ya maharagwe naazima kwa jirani."

Na hata kwa ngozi, tusizidishe. Katika maisha yake yote hapo mtaani Portales alipata kumiliki mkoba mmoja tu wa ngozi ya kweli, zawadi ya marehemu mumewe, na mkoba huo ulitafunwa na mbwa kabla haujazoea bega. Mjuzi wa ngozi katika nyumba ile alikuwa mbwa. Lakini kilichomtia Bi Obdulia matatani safari hii hakikuwa pua. Kilikuwa mdomo.

Mambo yalianza siku wakwe walipokuja kuposa. Mjukuu wake Yunuén, aliyemlea tangu mama yake alipovuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi, alikuwa amepata mchumba, kijana mpole aitwaye Eleazar, fundi wa lifti. Kijana hakuwa na kasoro ila moja, nayo ilikuwa mama yake.

Bi Perla Armendáriz aliingia na manukato yake mbele, mumewe Bwana Fermín nyuma amebeba kapu la mikate mitamu, na mkononi mwa Perla mkoba mweusi wenye kufuli la dhahabu na mbayuwayu mdogo amechorwa juu ya kufuli. Viti havikutosha. Perla akatazama huku na huku, akachagua kiti kizuri kuliko vyote, akakifuta kwa leso, akauketisha mkoba. Yeye akakaa kwenye kiti cha pembeni yake.

Sasa, hakuna mtu mjini Mexico asiyejua kwamba mkoba hauwekwi chini, maana ukikaa sakafuni fedha zinakuhama. Hilo Bi Obdulia hakulipinga. Lakini mtu ana mapaja. Shoga yake Tomasa, mwenye magoti yaliyovimba kama maboga, alikuwa amesimama ameegemea friji, na mkoba umekaa umetulia kama askofu anayesubiri supu.

"Bi Perla," akasema Bi Obdulia, "nimmiminie na yeye kahawa?"

"Nani?"

"Mgeni wako. Huyo mweusi aliyekaa."

Bwana Fermín alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Huu ni Valmorel, mama," Perla akasema, akaupapasa kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Valmorel ya Paris. Tone moja la kahawa hapa ni msiba. Sijui kama mnaifahamu."

"Tunaifahamu," Tomasa akajibu kutoka kwenye friji. "Ndiyo ile inayokalia viti vya wagonjwa."

Wakala, wakanywa, wakafika kwenye mambo ya harusi. Harusi ya kwao hailipiwi na mtu mmoja. Kila kitu kina msimamizi wake: kuna msimamizi wa keki, wa pete, wa muziki, hata wa glasi mbili za kugonganishia. Msimamizi hununua kitu chake, hukikabidhi mbele ya watu, na jina lake hutajwa, akapigiwa makofi. Aliye juu ya wote ni msimamizi wa ile kamba ya shanga ambayo bwana na bibi harusi huzungushiwa mabegani kanisani. Bi Obdulia alikuwa ameitamani kamba hiyo tangu Yunuén akiwa na meno ya maziwa.

"Kamba nimeichukua mimi," akasema Perla. "Pete ni dada yangu. Keki ni dada yangu mwingine. Na bibi…" Akamtazama Bi Obdulia, akatazama na mapazia. "Tunaweza kumpa bibi mito ya kupigia magoti. Haina gharama. Ni kitambaa na pamba tu."

Yunuén akainamia vidole vyake. Hapo ndipo mdomo wa Bi Obdulia ulipofunguka bila kumwomba ruhusa mwenyewe.

"Mito wape wengine. Mimi nasimamia mkoba."

"Mkoba? Harusi haina msimamizi wa mkoba."

"Hii inaye. Valmorel. Halisi."

Perla akatabasamu kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu ya jirani. "Halisi! Basi vizuri sana, mkwe. Ndoa ya serikali itafungwa uani kwangu, ndugu zangu wote watakuwepo. Utamkabidhi mwali hapohapo, mbele yetu. Mimi nitaushika tu. Nikishaushika, nimeujua."

Walipoondoka, Yunuén alimshika bibi yake mkono. "Bibi, mimi sitaki mkoba. Nikitaka kubeba vitu nina mfuko wa sokoni."

"Wewe hutaki, ndiyo. Lakini unahamia kwao."

Hilo ndilo lililomnyima Bi Obdulia raha. Eleazar alikuwa ameshapaka rangi vyumba viwili juu ya nyumba ya mama yake, na huko ndiko Yunuén angekwenda kuishi. Angekula meza moja na Perla. Bi Obdulia alimwona kabisa mwanamke yule kila asubuhi, kijiko kwenye kikombe, akiuliza kwa sauti ya asali: na ule mkoba wa bibi yako, mwanangu, umeshabanduka? Mtoto asingepata kumeza kipande cha mkate bila kuulizwa. Mkoba ukiwa wa kweli, Perla angefunga mdomo. Ukiwa feki, asingeufunga mpaka azikwe, na hata hapo jeneza lingehitaji misumari ya ziada.

Dukani kwenyewe, kule kwenye barabara ya matajiri ambako walinzi wanakutazama viatu, Bi Obdulia hakuthubutu hata kuuliza bei. Alikuwa na akiba yake aliyoilimbikiza kwa miaka ya kuuza tiketi za sinema. Ilitosha mkoba uliokwishatumiwa, wa kununua kwenye simu. Kwa hiyo akamwita Tomasa, ambaye tangu magoti yamshinde alikuwa akishinda akitazama video, na katika video hizo kulikuwa na binti mwenye kucha ndefu aliyefundisha watu jinsi ya kutambua mikoba.

"Binti anasema utazame mshono," Tomasa akaeleza, miguu juu ya kigoda. "Wa kweli umelala upande mmoja, hatua sawasawa. Wa feki unayumba kama mlevi anayetafuta funguo. Halafu chuma kiwe kizito. Halafu kingo za ngozi ziwe zimepakwa rangi nyororo, zisiwe na matone kama makamasi."

"Mungu wangu, Tomasa, ninakula."

"Na kubwa kuliko yote: usiamini picha."

Picha! Bi Obdulia hakujua kwamba kuna uchafu mwingi hivyo duniani mpaka alipoanza kutafuta mkoba. Mmoja ulipigwa picha juu ya kitanda kisichotandikwa, shuka limejikunja, manyoya ya paka kila mahali. Mwingine pembeni yake kulikuwa na kidole gumba cha mguu, rangi ya kucha imebanduka nusu, kimejitokeza kama kinataka kuuzwa nacho. Mwingine uliwekwa juu ya mfuniko wa choo. Wauzaji walimwita malkia, kipenzi, ua langu, roho yangu. Mwanamke mmoja alimwita "moyo wa bibi" bila kujua kwamba anaongea na bibi mwenyewe.

"Huyu anaandika 'halisi kabisa, ubora wa kioo,'" akasema Bi Obdulia. "Kama ni halisi, kioo cha nini?"

"Ubora wa kioo ni feki iliyooga, shoga. Pita."

"Na huyu: 'halisi, daraja la kwanza, tunayo mia, chagua rangi.'"

"Pita, pita."

Bi Obdulia akatema mate kwenye sinki, akaosha na sinki. Kila alipoishika simu alihisi ameshika kitu kilichookotwa.

Ujanja ukatoka kwa Tomasa. Binti wa kucha ndefu alifundisha kwamba umwombe muuzaji picha mpya, mkoba ukiwa na karatasi yenye jina lako, ujue kwamba anao kweli. Lakini karatasi, Tomasa akasema, siku hizi wanaibandika kwa kompyuta. Tuombe tortilla.

"Tortilla?"

"Aweke tortilla juu ya mkoba, apige picha. Nani atakuwa na tortilla ya kubandika kwa kompyuta?"

Wakaanza kuomba tortilla, ule mkate mwembamba wa mahindi usiokosekana jikoni mwa mtu. Wa kwanza akauliza kama wana akili timamu. Wa pili akasema tortilla itaupaka mafuta. Wa tatu, aliyekuwa na picha nzuri kuliko wote, hakujibu, na Tomasa alipotafuta akazikuta picha zilezile kwenye ukurasa wa duka la Japani, mpaka kivuli cha dirisha kilekile. Wa nne akaleta picha ya mkoba na kipande cha pizza, kisha akawafungia wasimwone tena.

"Huyo angalau alijitahidi," akasema Tomasa.

Wa tano alijiita Malkia wa Bazari. Hakuuliza maswali. Baada ya muda mfupi picha ikaingia: mkoba mweusi, kufuli la dhahabu, mbayuwayu, na juu yake tortilla ya mahindi ya bluu, bado inatoa mvuke. Wakaikuza picha mpaka macho yakawauma. Mshono umelala upande mmoja. Kingo nyororo. Karibu na kufuli kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa ufunguo. Shangazi yake alimletea kutoka ng'ambo, Malkia akaandika, na anauuza huku analia, kwa sababu ana mtoto mchanga na maziwa yamepanda bei. Na bei yake haikuwa rahisi.

"Hiyo ndiyo dalili," akasema Tomasa. "Feki ingekuwa rahisi."

Sentensi hiyo Bi Obdulia aliikumbuka baadaye mara nyingi, na kila mara alitamani kumpiga Tomasa kwa ufagio.

Malkia hakutuma kwa posta. Alikabidhi stesheni ya Ermita, Alhamisi, akiwa ndani ya vyuma vya kukagulia tiketi. Wauzaji wa kwenye simu pale mjini wote ndivyo wanavyofanya: asubuhi analipa tiketi moja ya treni ya chini ya ardhi, anashinda humohumo, anashuka stesheni hii anapanda ile, na hatoki nje hata mara moja asije akalipa tena. Mnunuzi anabaki upande wa nje, naye hataki kulipa tiketi kwa ajili ya kuchukua soksi. Basi bidhaa zinapitishwa juu ya vyuma, fedha zinarudi njia ileile, na kila mtu anaona ameokoa kitu.

Alhamisi Bi Obdulia akasimama pale, bahasha ndani ya sidiria. Stesheni ilinuka mikojo, mikate ya siagi na binadamu. Upande wa ndani akatokea msichana mwenye kofia, mifuko myeusi imemning'inia mikono yote miwili kama mti wa Krismasi wa waliofiwa.

"Bi Obdulia? Malkia wangu! Kumbe u mrembo hivi!"

"Nipe niuone."

Mkoba ukapita juu ya vyuma. Bi Obdulia akaushika, akainamia mshono: umelala sawa. Akavuta zipu: ikateleza. Akaupima mkononi: mzito. Akaufungua, akaingiza pua yake maarufu, na harufu ikampiga kama kofi: vanila, na chini ya vanila dawa ya kudekia ya rangi ya zambarau, ile ya hospitali.

"Mbona unanuka hivi?"

"Shangazi ni mtu wa manukato, malkia wangu. Ni harufu ya kitajiri."

"Matajiri wanadekia mikoba?"

Nyuma yake watu walikuwa wakisukuma. Mwanamume mwenye godoro kichwani alimwambia bibi kama anauza au ananunua asogee, sisi wengine tuna makazi. Askari naye akaja akipiga rungu kwenye vyuma: "Hakuna biashara hapa, mama, mnajua vizuri. Haraka." Bi Obdulia akatazama mshono tena. Akaitazama bahasha. Akaipitisha.

Msichana akaibusu bahasha, akageuka. Alipokuwa akishuka ngazi, Bi Obdulia aliunusa mkoba tena. Kumfuata kungemgharimu tiketi moja. Lakini nani mwenye akili analipa tiketi ili afike kwenye jukwaa la treni asiyoipanda? Akarudi nyumbani kwa miguu.

Wakauweka mezani, juu ya gazeti. Tomasa akafungua dirisha ili manukato yatoke. Yakatoka. Na yalipotoka, chini yake ikapanda harufu nyingine, polepole, kama mtu anayepanda kutoka shimoni: tairi lililoungua, gundi, pazia la bafuni lililosahauliwa na maji, na kitu fulani kama samaki. Tomasa akaziba pua kwa aproni yake ya jikoni.

"Labda ni ngozi ya samaki," akasema.

"Nyamaza, Tomasa. Lete simu."

Wakaitazama ile picha ya tortilla. Mkwaruzo karibu na kufuli, uko palepale. Wakautazama mkoba. Karibu na kufuli, safi kabisa.

"Pengine ameurekebisha," Tomasa akanong'ona.

"Mkoba wa kweli anao yeye. Anaupiga picha, anaulaza kabatini, halafu anawapelekea wapumbavu huu." Bi Obdulia akaugeuza. Aliposugua kufuli kwa kidole, dhahabu ikabanduka ikamganda kwenye ncha ya kidole kama gamba la samaki. Ndani, kwenye bitana, mbayuwayu alikuwa amenenepa. Alikuwa na tumbo na miguu, kuku kabisa, bado kutaga tu. Na viganja vyake, jamani, vilikuwa vyeusi. Rangi ilikuwa imetoka kwa jasho la mkono tu, na blauzi yake nyeupe ilikuwa na doa ubavuni pale alipoukumbatia njia nzima kama mtoto.

Akaandika kwa Malkia. Malkia akajibu mara moja: "Ngozi halisi hutoa rangi, kipenzi, ndiyo uhalisi wake." Alipoandika tena, jina halikuwepo. Amefungiwa.

Bi Obdulia akaosha mikono kwa sabuni, kisha kwa ndimu, kisha kwa dawa ya madoa, na bado alipokisogeza kidole puani harufu ilikuwa palepale. Tomasa alimletea tamale la pilipili, donge la mahindi la mvuke, akalisukuma kando. Mkoba ulipelekwa darini kupigwa upepo, ukaning'inizwa kwenye kamba ya nguo kati ya mashuka. Jioni ilibidi mashuka yafuliwe upya.

Lakini kinyaa kilichomkaa kooni hakikuwa cha gundi peke yake. Aliona kinyaa alipokumbuka sauti yake mwenyewe sebuleni, alivyosema "Halisi" huku ameinua kidevu, kama Perla hasa. Mkoba ule ulikuwa umenunuliwa na maneno yale. Akauona mdomo wake kama choo cha stesheni: kila anayepita anaacha kitu.

Yunuén alipouona hakuhitaji kuambiwa. Alikunja pua, akacheka, kisha akaacha kucheka alipomwona bibi yake.

"Tuseme tu ni wa kweli, bibi. Nani atajua?"

"Yule atajua."

"Basi tuseme ulipotea."

Bi Obdulia akamtazama mtoto aliyemlea, anayetafuta uongo wa kumfunika bibi yake. "Hivi ndivyo nitakavyokuoza? Niupake manukato na wewe nikupitishe juu ya vyuma?" Akashika uzi na sindano. "Nitasema mwenyewe. Na mito nitaishona, kama alivyosema. Kitambaa na pamba tu."

Siku ya ndoa ya serikali uani kwa Perla kulikuwa na hema, meza ndefu, mole nyeusi, ule mchuzi wa pilipili na chokoleti, kwenye masufuria, na dada za Perla wamevaa rangi za maua. Hakimu alisoma maneno yake, vijana wakatia sahihi, wakapigiwa vigelegele, na hakimu akapewa sahani yake. Kisha wasimamizi wakaanza kukabidhi. Pete, makofi. Keki, makofi. Kamba, makofi mengi, maana mwenye kamba ndiye mwenye nyumba.

Bi Obdulia akasimama. Kwapani alikuwa na mito miwili meupe, mkononi mfuko.

"Mimi nilisema nitasimamia mkoba," akaanza. "Sasa nataka kusema—"

Perla hakusubiri. Akaunyakua mfuko, akautoa mkoba, akauinua juu waone wote. Kisha akaunusa, akauweka mbali na uso kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Mama yangu! Dada, njooni mnuse! Huu ni Valmorel au ni mpira wa maji machafu?"

Dada wakanusa kwa zamu, wakapiga kelele, wakajipepea. Mmoja akaomba ndimu. Yunuén alikuwa amesimama na gauni lake la krimu, mashavu yamewaka, na Eleazar akimwambia mama yake basi, mama, basi, kwa sauti ambayo hata nzi hawakuisikia.

"Ni feki," akasema Bi Obdulia.

Kelele zikapungua.

"Ni feki, ndiyo. Nilijisifu mbele yenu na sikuwa na uwezo. Nikaenda kutafuta kwenye simu, wakaniibia. Mnaloliona hapo ni kosa langu. Huyu mtoto hakuhusika, hakuuomba. Mito hii nimeishona mwenyewe. Hii ni halisi."

Kama Perla angeishia hapo, angekuwa ameshinda, na Bi Obdulia alikuwa ameshajiandaa kukaa chini. Lakini mtu anayekula kwa furaha haachi sahani ingali na mchuzi. Perla akanyoosha mkono kwenye kiti cha pembeni, akauchukua mkoba wake mwenyewe, akauweka mezani kando ya ule mwingine.

"Hapana, mkwe, tujifunze wote, ili kesho mwali wangu asije akaibiwa na yeye. Huyo aliyekuuzia alikuonyesha namba? Hakukuonyesha! Kila Valmorel ina namba yake ndani ya mfuko mdogo, imepigwa kwenye ngozi. Ni kama alama ya kidole. Dunia nzima hakuna mbili zenye namba moja. Yunuén, njoo, macho yako ni mazuri. Soma huo wa bibi yako, kwa sauti. Sijui hata kama wamekumbuka kuweka."

Yunuén akamtazama bibi yake. Bi Obdulia akaitikia kwa kichwa: soma tu. Msichana akaingiza mkono, akaigeuza bitana.

"V, nne, nne, saba, H."

"Ehe. Sasa soma wa kwangu, wasikie tofauti."

Yunuén akaufungua mkoba wa mama mkwe. Akatoa leso, akatoa funguo, akageuza kimfuko. Akautazama tena ule wa bibi yake.

"Soma, mwanangu, usiogope."

"V," akasema Yunuén. "Nne. Nne. Saba." Akakisogeza kimfuko kwenye mwanga. "H."

Dada wa keki akainama akatazama mwenyewe, akatazama mkoba huu, akatazama ule, akarudi kwenye huu. Mashine ya kiwanda cha feki hupiga namba ileile kutwa nzima, na Perla alikuwa hajawahi kuwaza hilo, kwa sababu hakuwahi kukutana na ndugu wa mkoba wake.

"Mapacha!" akasema Tomasa. "Hongera, mama!"

"Wameiga!" Perla akaruka. Uso ulikuwa umemtoka madoa mekundu mpaka shingoni. "Hawa wezi wameiga namba yangu! Wangu ndio wa asili, wakauona mahali, wakaunakili! Nyie hamjui wanavyofanya? Wangu ni wa dukani, wa dukani kwao kwenyewe!"

"Duka lipi, mkwe?" Bi Obdulia akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Harufu ya mikoba miwili iliyofunguliwa ilikuwa imeanza kuipita ile ya mole.

"Paris! Ndiyo, Paris! Tulipokwenda mimi na Fermín, ile safari yetu. Niliuchagua mimi kwa mkono wangu huu, yule muuzaji akaniletea na kahawa, na nje mvua inanyesha. Fermín, waambie. Waambie kuhusu Paris!"

Watu wote wakageuka. Bwana Fermín alikuwa mwisho wa meza, paja la kuku mkononi, mole kwenye masharubu. Hakuwa amefuatilia. Alitafuna, akameza, akajifuta kwa tortilla, akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli.

"Paris?" akasema. "Mke wangu, mimi na wewe mwisho wetu Acapulco, pwani ya hapahapa kwetu. Tena kwa basi, na ulitapika njia nzima."